Aliyewafuata Pacha

Saa kumi na mbili na robo nateremka na daftari,
suruali nimeikunja hadi magotini;
umande wa Ileho haumuulizi mtu cheo.
Mbega wamekwisha amka. Wananitazama kutoka mkuyuni
kama wakwe waliovalia makoti
kuja kudai ng'ombe aliyesalia.

Kazi yangu ni ndogo. Serikali imesimika ubao wa namba
chini ya maporomoko mawili,
nami nasoma maji yamefika wapi,
naandika, natia sahihi, narudi kunywa chai.

Lakini nani atasoma ubao kabla hajatazama juu?

La kushoto ni nene, linajitupa kwa kishindo,
linafika chini limeshasahau lilikotoka.
La kulia linashuka likipapasa mwamba,
linaachia kila ufa salamu,
linalowesha makangaga, linachelewa.
Watu wa hapa husema la kushoto ni dume.
Bibi Khavetsa, mchimba mukombero wa ng'ambo,
hutema mate pembeni: dume gani
lizae mvuke wote huo?

Kwetu mama alizaa hivyo. Mukhwana, kisha Mulongo
kabla jasho la kwanza halijakauka.
Boma likafurika, watu wakacheza,
wakatukanana kwa raha kama desturi inavyotaka.
Mimi nilikuja miaka miwili baadaye, peke yangu,
usiku wa mvua, hakuna aliyecheza,
nikaitwa Shisia, yaani yule aliyewafuata pacha.
Jina langu ni mkia wa majina ya wengine.
Nimelivaa kama sweta la kurithi:
mikono mirefu, lakini lina joto.

Sasa Mukhwana yuko Nakuru, anachomelea milango ya chuma.
Mulongo yuko Kisumu, anauza magodoro karibu na stendi.
Mwaka wa nne huu hawasemezani.
Kisa ni jiwe la mpaka
na mistari mitatu ya majani chai.
Simu zote huja kwangu.
Mwambie, asema huyu.
Mwambie, asema yule.
Mimi ndiye bomba.

Mwezi uliopita, maji yakiwa haba,
nilipanda juu, ambako kazi hainitumi,
nikishika mizizi, nikiruka siafu,
nikipita mapera mwitu yaliyoota
palipokuwa na matanuri ya makaa,
hadi nikausikia mto
kabla haujapata habari za kuanguka.

Ni mto mmoja.
Mpole, rangi ya chai ya maziwa,
ungeuvuka viatu mkononi.
Kisha kuna jiwe. Si kubwa,
kimo cha ndama aliyelala.
Mto unalifikia, unasita, unagawanyika.

Nililikalia, kila mguu katika maji yake.
Nilitaka kuwapigia. Mtandao haukuwepo.
Hondohondo alipita, mabawa yakikwaruza hewa
kama msumeno wa mtu asiye na kibali,
nami nikacheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Jana alasiri mvua ilikuja na barafu,
ikatoboa migomba yote ya Mzee Lihanda.
Leo, kati ya mawili, pale mwamba
ulipokuwa mkavu tangu Desemba,
umeshuka uzi wa tatu.
Mwembamba. Upepo unauyumbisha;
mara unamgusa dume, mara unamgusa jike,
kisha wote watatu wanatumbukia kidimbwini
na ubao hauwezi kuniambia
maji ya nani ni yapi.

Naandika: mita moja, sentimita ishirini na tatu.
Kwenye safu ya maelezo, ambayo hakuna mkubwa
aliyewahi kuisoma, naandika:
wote wamefika.

Halafu namkumbuka mkaguzi.
Naongeza: maji yana tope kidogo.